Upande wa Pili wa Reli: Tanga Ilivyokua, na Sisi wa Moshi

(Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya wakazi wa mji, walimu na wanafunzi. Imeandikwa upya kutoka kwenye karatasi za msemaji pamoja na yale aliyoyaongeza papo hapo.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioletwa hapa kwa ahadi ya soda: shimboni!

Asanteni. Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumzie historia ya mji, alidhani nitazungumzia Moshi. Hakuutaja, na mimi sikuuliza, maana ningeuliza angenifunga. Kwa hiyo leo nitazungumzia Tanga. Naona mnatazamana. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, sasa Tanga inatuhusu nini sisi watu wa mlimani?" Nimemwomba akae, tukimaliza anijibu yeye.

Nianze na chaki.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni yetu hapa. Shule zikifungwa, kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula cha mchana, ndizi na maharage kwenye sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa, na ujira wangu ulikuwa kuruhusiwa kukaa juu ya magunia ya kahawa nikiangalia makuli wakipakia. Behewa likijaa, mlango unavutwa, unagongwa, baba anatoa kipande cha chaki mfukoni na kuandika kwa herufi kubwa: TANGA. Hati yake ya kawaida ilikuwa kama nyayo za kuku, lakini neno hilo aliliandika kwa adabu, herufi moja moja. Mimi nikiwa na miaka 7 niliamini Tanga ni jina la behewa. Siku moja nikaona behewa linarudi na kushusha chumvi, nazi, machungwa ya Muheza na ng'onda, na mnaoijua harufu ya ng'onda iliyofungiwa ndani ya bati kutwa nzima mtanielewa. Nikamwuliza baba, kumbe ndani ya Tanga kuna watu wanakausha samaki? Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaniambia, "Tanga ni mji, mwanangu. Ndiko reli inakoanzia."

Inakoanzia! Mimi nilijua reli inaanzia Moshi. Na nina hakika humu ndani wapo watu wazima ambao mpaka leo wanajua hivyo.

Tuache kwanza uongo mmoja tunaoupenda. Watoto wa shule huandika kwamba mji wetu unaitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa garimoshi. Nimezichora alama ya kosa sentensi za namna hiyo kwa miaka mingi, na sijafanikiwa. Moshi lilikuwa jina la nchi ya Mangi Rindi, mtawala wa Kichagga huko juu mlimani, yule ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Rindi alifariki mwaka 1891. Reli ya kwanza ilianza kutandikwa Tanga mwaka 1893. Jina lilikuwapo kabla ya treni. Ila kuna jambo moja ambalo treni ililifanya kweli. Ilipofika huku chini, mji ulishuka kuifuata. Boma, maduka na jina vikahamia tambarare, na kule juu pakabaki Moshi ya Kale, Old Moshi mnayoijua. Reli haikutupa jina, ila ilituchagulia pa kukaa.

Na reli hiyo ililetwa na Tanga.

Sasa twendeni pwani, na tuanzie kabla ya reli, maana ukianza na Wajerumani utadhani pwani ilikuwa pori. Kusini ya Tanga, kama kilomita 20 hivi, pako Tongoni. Pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe, kazi ya Waswahili wa karne ya 14 na 15. Mwaka 1499 Vasco da Gama akirudi kutoka India alikuwa amebaki na mabaharia wachache mno hata hakuweza kuendesha meli zake zote, akaichoma moja kwenye maji ya huko. Meli hiyo iliitwa São Rafael. Waliomwona akiichoma walikuwa na misikiti yao, makaburi yao na biashara yao ya bahari. Nalisema hilo kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Mreno fulani "aligundua" hapa na pale.

Lakini katika karne ya 19, ukimwuliza mtu wa Kilimanjaro bandari yake iko wapi, hangekutajia Tanga. Angekutajia Pangani. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilifuata bonde la mto kushuka hadi mdomoni kwake, na mdomoni kulikuwa na Pangani, mji wa majumba ya mawe, wenye liwali wa Sultani wa Zanzibar. Tanga ilikuwapo, na biashara yake, lakini ilikuwa mdogo wake Pangani. Pangani ndiko alikokuwa Abushiri bin Salim, aliyeongoza pwani kuinuka mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na Pangani ndiko alikonyongwa Desemba 1889.

Wajerumani walipokwisha kuishika nchi wakatafuta mahali pa kuanzishia reli ya kwenda Usambara na Kilimanjaro. Pangani ina mto, lakini mdomo wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haiingii. Tanga haina mto wa kujivunia, lakini ina ghuba pana iliyotulia, ambamo meli hutia nanga bila kuogopa dhoruba. Uamuzi ukafanyika mezani, na kwa uamuzi huo mji mmoja ukapewa karne nzima na mwingine ukanyang'anywa. Nendeni Pangani leo. Ni pazuri, nawaambia, pana utulivu hata unasikia kasia za mvuvi. Utaona majumba ya zamani, utavuka kwa kivuko, utakula samaki, utarudi. Nataka muishike Pangani kichwani, maana nitairudia.

Reli ilianza Tanga mwaka 1893, na ndiyo ya kwanza Tanzania Bara. Msidhani ilipaa. Kufika Muheza tu, kama kilomita 40, ilikuwa mwaka 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikalazimika kuichukua. Korogwe wakafika 1902. Mombo 1905. Ndipo wakaambaa na milima ya Upare, Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Kahe, hadi hapa mwaka 1911. Miaka 18 kwa kilomita 352! Fundi anayejenga nyumba yangu huko Rau ananipa matumaini nikikumbuka hesabu hiyo.

Waliotandika mataruma hayo ni watu wetu: Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wapare, Wanyamwezi waliotoka mbali. Mwaka 1898 serikali ilikuwa imeanzisha kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwenye kibarua. Wengine hawakuulizwa kabisa kama wanataka.

Kuna kitu kingine kilichopanda na reli ambacho hakipimwi kwa tani. Mwaka 1892 serikali ya Kijerumani ilifungua shule Tanga, shule ya serikali isiyo ya misheni, ambamo mtoto wa Kiislamu aliweza kukaa bila mzazi wake kuogopa atabatizwa. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 1904 shuleni hapo kukawa kunachapishwa gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Vijana waliomaliza walipangiwa kazi bara, makarani, walimu, maakida, kila mmoja na kalamu yake sikioni. Sisi huku mangi alihukumu kwa Kichagga, lakini barua iliyotoka boma iliandikwa kwa Kiswahili, na mara nyingi aliyeishika kalamu alisoma Tanga. Tukisema leo Kiswahili kimeunganisha nchi, tunawashukuru wanasiasa, na ni sawa. Ila karani wa Tanga alikuwa ameshapita.

Karani mwingine, Martin Kayamba, mwaka 1922 alianzisha Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Waislamu na Wakristo pamoja. Ni miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya namna hiyo nchini. Sitakaa hapo, ingawa ningependa, kwa sababu naona vijana wanangoja vita.

Haya. Vita.

Novemba 1914. Vita ya Kwanza ya Dunia ina miezi mitatu tu. Waingereza wanaleta kutoka India jeshi la watu kama 8,000, wanawaweka melini wiki kadhaa, wanawafikisha Tanga. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari ya Kiingereza iitwayo Fox anaingia bandarini na kudai mji usalimu amri. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani anamwomba muda, aulize wakubwa wake. Anapewa muda! Na muda huo ndio uliokuwa unatakiwa, kwa sababu askari wa Kijerumani, kamanda wao akiwa von Lettow-Vorbeck, hawakuwa Tanga. Walikuwa huku. Walikuwa Moshi na kando ya mlima, wakilinda mpaka.

Mnaona sasa? Simu ikaita, na injini zikawashwa hapa. Kutoka hapa chini, kwenye njia ileile ambayo baba yangu alikuja kuandikia chaki, askari walipakiwa mabehewani na kushushwa pwani, kikosi baada ya kikosi, kwa kuwa injini zilikuwa chache. Wengi wao walikuwa Waafrika. Von Lettow mwenyewe alifika Tanga usiku wa kuamkia tarehe 4, akaukuta mji umenyamaza, watu wamekimbia. Akachukua baiskeli akauzunguka gizani ili aone mwenyewe. Baiskeli! Mkitembelea Tanga leo mtaona mji ulivyojaa baiskeli, wazee wa kanzu na baiskeli, kina mama na baiskeli, na ukiuliza zimeanza lini kila mtu ana jibu lake. Mimi hiyo ya mwaka 1914 ndiyo ya kwanza ninayoweza kuitolea tarehe.

Waingereza walikuwa wameshuka Raskazone, wakasonga kuelekea mjini wakipita kwenye mashamba na vichaka ambamo mtu hamwoni mwenzake. Wenyeji walikuwa wametundika mizinga ya nyuki mitini. Risasi zikapiga mizinga. Nyuki hawakuuliza nani Mjerumani nani Mwingereza, ila waliokuwa wengi ndio walioumwa zaidi. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, nyuma wameacha bunduki, bombomu na shehena ya risasi. Waliowapoteza ni zaidi ya 800, ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, mbele ya jeshi la watu kama 1,000. Wapo wanaoviita vita vya nyuki. Mimi heshima kubwa naipa ratiba ya treni.

Waingereza walikuja kuuchukua Moshi Machi 1916, na Tanga Julai mwaka huohuo. Katikati ya vita wakajenga reli yao kutoka Voi kupitia Taveta, wakaiunganisha na hii yetu upande wa Kahe. Na mwaka 1929 reli ikafikishwa Arusha. Kipande cha Voi tukiangalie vizuri. Kilijengwa kwa ajili ya kubeba wanajeshi, lakini vita ilipokwisha hakikung'olewa. Mzigo wa kaskazini sasa ulikuwa na milango miwili ya kutokea baharini, Tanga na Mombasa. Tangu siku hiyo Tanga haikulala peke yake na sisi.

Hata hivyo ililala vizuri kwa miaka 40 zaidi, na kitanda chake kilikuwa mkonge.

Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza, mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilisafiri, ikakauka, ikaoza, ikafika ikiwa hai 62. Sitini na miwili! Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kwa miche hiyo tukaja kuishinda dunia. Kuna hadithi kwamba iliingizwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa ili isikamatwe. Siamini, lakini kila ninapoisimulia darasani hakuna anayesinzia, kwa hiyo nitaendelea kuisimulia.

Mnaopita Korogwe na Muheza kwa basi mnauona ule mstari wa majani kama mapanga, mpaka macho yanachoka. Jani la mkonge karibu lote ni maji na majimaji. Katika kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi zake, hazifiki kilo 5. Kwa hiyo huwezi kusafirisha majani mbali. Lazima uwe na mashine palepale shambani, ambayo wenyewe waliiita korona, inayoponda jani na kutoa singa, na lazima uwe na maji mengi ya kuoshea, na vireli vidogo vya kusomba majani, na reli kubwa ya kupeleka marobota bandarini. Ukiutazama hivyo, Mkoa wa Tanga wote ulikuwa kiwanda kimoja, na mji ulikuwa mlango wake wa kutolea.

Nimewahi kuingia korona ya zamani ikiwa inafanya kazi. Kelele huisikii kwa masikio, unaisikia kifuani. Majimaji ya kijani yanaruka, yanawasha ngozi, na harufu yake ni chachu, kama mbege iliyosahaulika wiki mbili. Nje, singa zimeanikwa kwenye waya, safu kwa safu, nyeupe kama nywele za bibi. Mama mmoja aliyekuwa akianika akaniona najikuna, akacheka, akasema, "Pole baba, utazoea." Yeye alikuwa amezoea kwa miaka 20.

Waliokata mkonge hawakuwa watu wa Tanga peke yao, na hili ndilo lililoufanya mji uwe vile ulivyo. Wenye mashamba waliandikisha vibarua mbali, Kigoma, Songea, Njombe, hata nje ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo asili ya neno manamba, na kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi. Wengi mkataba ulipokwisha hawakurudi. Walioa, walijenga, walisilimu au waliendelea na kanisa lao. Ukikaa Tanga ukamwuliza mtu kabila lake, jiandae kusikia hadithi ya babu aliyeshuka kwenye behewa.

Mji wa hao ni Ngamiani. Barabara zake hazikupewa majina ya marais, zilipewa namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, hadi ya 21, zimenyooka kama mistari ya daftari. Jina lenyewe, wanasimulia, limetokana na ngamia waliokuwa wakizungushwa kukamua mafuta. Huku Moshi mgeni akipotea tunamwambia "panda juu" au "shuka chini", mlima ndio dira yetu. Kule wanamwambia "Barabara ya 12, kona ya msikiti", na anafika.

Sasa niwape namba chache, halafu sitawasumbua tena nazo mpaka karibu na mwisho. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha mkonge kama tani 230,000, ya kwanza duniani. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Tanga na watu zaidi ya 61,000. Ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Mwanza haikufika 35,000. Arusha ilikuwa kama 32,000, na sisi Moshi hatukufika 27,000. Tanga ilikuwa na uwezo wa kutubeba sote mgongoni ikaenda sokoni.

Leo? Sensa ya mwaka 2022 inasema Arusha ina watu zaidi ya 617,000. Tanga, ambayo ni jiji tangu 2005, ina zaidi ya 393,000. Moshi tuna zaidi ya 221,000, na bado tunangoja kuitwa jiji, lakini hilo halitaamuliwa usiku huu.

Kwa hiyo nini kiliipata Tanga? Swali hilo nililipeleka mahali pake, kwenye baraza la kahawa Ngamiani. Mwuza kahawa alikuja na birika lake na vikombe vinavyogongana, na sahani ya kashata. Kahawa chungu, nyeusi, saa 11 jioni. Nikawatania wazee kwamba sisi tunaolima kahawa tunakunywa chai, wao wasiokuwa na mche hata mmoja wanakunywa kahawa. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi bandarini, akanijibu, "Maalim, nyie mnaijua inapoota. Sisi tunaijua inapopita." Halafu wakaanza kugombana, maana kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuanguka kwa mji na hakutaka ya mwenziwe.

Wa kwanza akasema nailoni. Na ni kweli, kamba za plastiki zilipoingia bei ya mkonge ikaporomoka dunia nzima. Wa pili akasema Azimio. Ni kweli pia kwamba baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na uendeshaji ukayumba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama sehemu ya kumi ya ule wa 1964. Wa tatu akasema viwanda: kile cha mbolea kilichojengwa kwa mbwembwe miaka ya 1970 na kufungwa, cha chuma, na vingine. Wakatajiana majina ya marafiki waliokosa mafao. Yote nayakubali.

Lakini yule mzee wa bandarini alisubiri wachoke. Kisha akasema, "Bahari haikuondoka. Mzigo ndio ulioondoka." Akachora kwa kidole juu ya benchi. Hapa Tanga. Hapa Korogwe, hapa Moshi. Na hapa, akaweka kidole kati ya Tanga na Korogwe, Mnyusi. Mwaka 1963 kutoka Mnyusi ilijengwa reli ya karibu kilomita 190 kwenda kusini hadi Ruvu, kwenye Reli ya Kati. Kwa nchi lilikuwa jambo la maana sana, kwa mara ya kwanza reli mbili zikashikana mikono. Kwa Tanga ilikuwa ni shimo kwenye mtumbwi. Gunia la Moshi sasa liliweza kufika Dar es Salaam bila kuiona Tanga. Baadaye malori yakafanya hivyohivyo kwa barabara ya Segera na Chalinze. Na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mlango wa Mombasa ukafungwa nao kwa miaka kadhaa, nilidhani hapo Tanga ingefaidi. Mzee akatikisa kichwa. Walikuwa wameshazoea Dar.

Na kulikuwa na aibu ya chini kwa chini ambayo mtu wa bara haioni. Ghuba ya Tanga ni nzuri, ila pale gatini maji yalikuwa na kina cha mita 3 hivi. Meli kubwa ilitia nanga mbali, na mzigo ukashushwa kwenye matishari, yale mashua mapana bapa, yakavutwa hadi gatini, ukapandishwa tena. Kila gunia lilibebwa mara mbili. Mwenye meli analipa siku mbili kwa kazi ya siku moja. Mzee alinionyesha viganja vyake. "Mimi ndiye mara ya pili," akasema.

Ndiyo maana niliwaambia muishike Pangani. Tanga iliichukulia Pangani mzigo wake kwa reli, na kwa reli ikachukuliwa wa kwake. Tena uliochukuliwa mara zote mbili ni mzigo wa watu wa huku juu. Sisi ndio tuliokuwa tunahama, wazee wangu. Pangani tuliiacha, Tanga tukaiacha, wala hatukuaga.

Sisemi tulifanya dhambi. Mwenye gunia hupeleka kunakolipa. Lakini mtu asituambie Tanga ilizembea, eti watu wa pwani wanapenda raha, "waja leo waondoka leo", mapenzi na taarabu. Nimesikia maneno hayo hapa mjini, tena kwa watu wenye digrii. Hao wanaoitwa wapenda raha walipakia kahawa iliyosomesha babu zenu.

Mambo yameanza kubadilika, na nitayapitia upesi. Bandari imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, gati la mita 450 likajengwa, kwa gharama ya Shilingi bilioni 429.1. Sasa meli inafunga gatini. Yule mzee "mara ya pili" hana kazi tena, na amefurahi. Treni ya mizigo ya Tanga na kaskazini ilifufuliwa mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi. Na upande wa kaskazini wa ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Urefu wake ni kilomita 1,443, na inabidi lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda kama mafuta ya nyama sahanini.

Watu wa Tanga wana matumaini makubwa na bomba hilo. Mimi nina neno moja tu, na mnisamehe kama nimekuwa mkongwe wa reli. Treni ilipokuwa inapita ilisimama. Iliposimama Buiko mtu aliuza mayai ya kuchemsha. Iliposimama Same mtu aliuza chai, Korogwe machungwa. Vimiji vyote hivyo vilizaliwa kwa kusimama kwa treni, na sisi tukiwamo. Bomba halisimami. Mafuta hayanunui mayai. Litailetea Tanga fedha na kazi, sawa, lakini sioni litakavyozaa Moshi nyingine njiani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea hapa Moshi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Niliipanda wiki za mwanzo, kwa ajili ya baba. Niliomba tiketi ya Tanga. Kijana wa dirishani akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii haifiki Tanga. Inakunja Mnyusi." Nikakata ya Dar.

Kwa hiyo mkiipanda, nawaomba jambo moja. Baada ya Korogwe msilale. Kaeni dirisha la kushoto. Pale Mnyusi treni itapunguza mwendo na kuanza kukunja kwenda kusini, na kwa dakika chache mtaona njia nyingine ya reli inaendelea peke yake kuelekea mashariki, kwenye giza la mikonge. Hiyo ndiyo ya kwanza. Yetu.

Asanteni sana. Mzee wa pale mlangoni, karibu mbele, kipaza sauti ni chako.